Mwaka wa Kipa Mmoja

Elias alinipigia simu nikiwa ghorofa ya tisa ya hoteli, nikikagua vyumba ambavyo wageni walikuwa wameondoka asubuhi ile. Niliketi kwenye kitanda ambacho hakijatandikwa, jambo ninalowakataza wasichana wangu wa usafi kila siku, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Kocha Pekka amefariki, alisema, kwao Finland, kwa ugonjwa wa moyo. Wachezaji wake wa zamani waliobaki Doha, Elias mmoja wao, wangekutana mtaa wa Al Sadd ili wale pamoja, na mimi nimealikwa. Nilikwenda. Walikuwa saba, wanaume wenye ndevu na vitambi, ambao niliwajua sauti zao zikiwa ndiyo kwanza zinavunjika. Tulikula samaki wa kuchoma na mkate wa moto, tukacheka kidogo kuliko tulivyotaka. Elias anakusanya historia ya timu ile ya vijana ya hoki ya barafuni tangu ilipoanza, picha na matokeo na majina, maana hakuna aliyewahi kuiandika. "Nimempa kila mtu mwaka mmoja," aliniambia. "Wewe utaandika ule." Hakuna aliyeuliza ni upi. Mmoja wao alianza kumenya chungwa ambalo hakulila.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ya nyumbani Taita nayaacha, yana mahali pake. Nilifika katika nyumba moja ya Muaither, pembeni mwa Doha, yenye ukuta mrefu na bomba la hewa baridi lililodondosha maji juu ya dirisha langu mchana kutwa, nikapewa watu wawili wa kuwaangalia: bibi wa nyumba ile, Bi Zuwena, na mjukuu wake Shamsa, wa miaka kumi na mitatu. Baba Shamsa mwaka ule alikuwa safarini karibu wakati wote, na mama yake alifundisha chuoni, akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Bi Zuwena alizaliwa Unguja, akaletwa Ghuba akiwa mwanamwali, na Kiswahili chake hakikuguswa na mtu. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kitandani kwake akaniuliza, "We mwana, wa pwani au wa bara?" Nikamwambia Taita. Akafikiri kidogo. "Basi hapo katikati. Tutakunyoosha." Na kweli alininyoosha. Nikisema "chakula iko tayari," alikuwa hainuki mpaka niseme kiko. Shamsa alikipata Kiswahili kwake, kwa hivyo sisi watatu tulikuwa na lugha yetu ndani ya nyumba, na mama yake Shamsa, aliyetuzungumzisha Kiarabu na Kiingereza, alituona kama watu wa chama cha siri. Nafikiri hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia. Kuna utamu kuwa ndani ya siri ya watu waliokuajiri.

Shamsa alikuwa kipa. Nilidhani ananitania, mpaka dereva wetu, Mzee Salehe wa Tanga, aliponipeleka mara ya kwanza kwenye uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya jengo la maduka. Nje jua linakausha mate mdomoni, na ndani watoto wanateleza juu ya barafu nyeupe, huku akina mama wakipita juu na mifuko ya viatu. Timu ilikuwa na watoto kumi na watatu kutoka nchi tisa, na msichana mmoja tu, naye ndiye alikuwa kipa wao wa pekee. Kwa sababu wenzake wote walikuwa wavulana, hakuweza kuvaa katika chumba chao, basi akapewa stoo. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Taa moja ya tyubu iliyotetemeka, mapipa ya viatu vya kukodisha vilivyonuka soksi, sanamu za plastiki za ndege wa barafuni ambazo watoto wadogo huzishika wakijifunza kuteleza, na benchi fupi ambalo Shamsa alilalia chali huku mimi nimepiga magoti sakafuni nikimfunga. Kipa anavaa vitu vingi kuliko bibi harusi. Vikinga vya miguuni niliviita magodoro. Kila godoro lina mikanda minane, na ukikosea mmoja, mguu hautakunjika vizuri. Kocha Pekka, mtu mrefu asiyependa maneno, alinionyesha mara moja tu, akaondoka. Baada ya mwezi niliweza kumfunga Shamsa nimefumba macho, na yeye akinisimulia ya shuleni, na baridi ikinipanda magotini. Aliniita Dada. Nilikuwa na fahari, sitaficha. Akiingia golini na kugonga nguzo mbili kwa gongo lake, kulia kisha kushoto, nilijiona kama mimi ndiye niliyemuumba.

Bi Zuwena hakuupenda mchezo ule hata chembe. Alasiri moja nilikuwa napeleka chai, Shamsa akinifuata nyuma na sahani ya visheti, tukasikia mlangoni bibi na mama wakizungumza Kiarabu, naye Shamsa akanitafsiria kwa kunong'ona. "Mtoto wa kike anasimamishwa apigwe," bibi alikuwa akisema. "Kazi yake ni kupigwa tu. Hata kukimbia hakimbii." Mama akasema ana furaha, shuleni anafanya vizuri, ana marafiki. "Haya," bibi akasema. "Lakini siku atakayoumia, basi. Hapana mwezi huu wala mwezi ujao. Basi moja kwa moja. Sema wallahi." Mama akasema wallahi. Shamsa alinishika mkono wa nguo, visheti viwili vikaanguka kwenye zulia, akaviokota na kuvila hapo hapo huku akinitazama, kama anayenikabidhi kitu.

Mwaka ule Kocha Pekka alikuwa amefanikiwa, baada ya barua nyingi, kuzileta Doha timu za vijana kutoka nchi jirani kwa mashindano ya siku tatu. Lilikuwa jambo kubwa kwa timu ambayo haikuwa na hata kabati lake. Jumanne ya juma lililotangulia mashindano, katika mazoezi, mchezaji wetu mmoja alikuja kasi, akajikwaa, akamvaa Shamsa golini. Wote wawili walirudi nyuma, na nilisikia kichwa cha Shamsa kikigonga nguzo ya chuma, pamoja na helmeti yake. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyeweka sufuria mezani. Alilala. Nilisimama. Kisha akainuka, akainua glavu kumwonyesha Kocha kwamba yuko sawa, akagonga nguzo zake, kulia, kushoto, na mazoezi yakaendelea dakika ishirini nyingine. Lakini stooni, nilipokuwa namfungua mikanda, aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumanne. Nilipofika godoro la pili akaniuliza tena leo ni siku gani. Nikacheka, nikadhani mchezo. Mara ya tatu sikucheka. Akageuka upande, akatapika ndani ya pipa la viatu.

"Usimwambie Mama," alisema. "Dada, tafadhali. Ukimwambia Mama, Bibi atajua."

"Umeumia, Shamsa."

"Nimekula vibaya. Dada, hakuna kipa mwingine. Wallahi nitapona. Zimebaki siku tisa, ni nyingi."

Nilichukua viatu vilivyochafuka, nikavipeleka chooni, nikaviosha kimoja kimoja kwa sabuni ya mikono, nikavirudisha vikiwa vimelowa. Najua sasa kwamba jibu langu lilikuwa kule kuosha.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu, na kila moja ilikuwa na uongo wake. Shamsa alivuta mapazia ya chumba chake. Alisema taa zinamwumiza macho. Chakula cha mchana, tulichokula watatu kwenye mkeka chumbani kwa bibi kwa sababu bibi hakupenda meza, kilikuwa kama mtihani ambao mimi ndiye niliyesimamishwa mbele ya darasa. Siku moja nilipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, chakula alichokuwa akikigombania, naye akaufinyanga wali vidoleni, akaurudisha sahanini. "Huyu ana nini?" bibi akaniuliza mimi, si yeye. "Mitihani, Bibi, inamtia hofu." Siku ya pili kijiko kilimponyoka, akakitazama pale chini kama hajui ni chake. "Wakesho, huyu mtoto ana nini?" "Hajalala vizuri, Bibi." Macho ya Bi Zuwena yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini aliyatuliza juu yangu mpaka nikaondoa sahani kabla watu hawajamaliza kula. Mama yake alirudi jioni, akamkuta binti amelala, akambusu, akashukuru kwamba siku hizi analala mapema.

Mazoezi ya Jumapili nilimwombea ruhusa, nikasema ana mtihani. Ya Jumanne alikwenda, akasimama golini, na mashuti yote yakaingia. Ile paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokichezea, ilimpita kushoto na kulia naye anachelewa kama anayesikia habari kutoka mbali. Kocha alidhani ni woga. Nilikwenda kwenye kibanda cha chai kando ya uwanja kwa sababu sikuweza kutazama, na pale nikamkuta Kocha amesimama na meneja wa uwanja, wamenipa mgongo. Meneja alikuwa akisema watu wa juu wamechoka na timu isiyojaza viti. Mashindano yakienda vizuri, vijana wataendelea kupewa barafu. Yasipokwenda, saa zile zina wateja wengine. "Na ukijitoa sasa, usinijie tena," alisema. Kocha alijibu kwa upole kwamba hatajitoa. Kwa hiyo nikarudi na kikombe mkononi nikiwa na sababu mpya ya kunyamaza, kubwa kuliko ile ya kwanza, na nilifurahi kuipata. Naandika neno hilo makusudi. Nilifurahi. Sasa haikuwa Shamsa peke yake, ilikuwa watoto kumi na watatu.

Mzee Salehe ndiye aliyenisema. Njiani kurudi Muaither, Shamsa amelala kiti cha nyuma mdomo wazi, alipunguza redio. "Binti," akasema, macho barabarani, "mimi naendesha gari, lakini kioo ninacho. Mtoto yule halali usingizi wa kuchoka." Nikamwambia anafikiria makubwa. "Mimi nimelea watano. Mtoto wa watu huyo, Wakesho. Likitokea la kutokea, mama yake atalia, na sisi wawili ndio tutakaoulizwa. Sema wewe, maana wewe ndiye unayemvua nguo. Mimi nikisema, nitaambiwa nimeona wapi." Nilimwambia nitasema kesho. Kesho ilikuwa Jumatano, na Jumatano Shamsa aliamka akitabasamu, akala mayai mawili, akaniambia kichwa kimepoa. Nilitaka sana kuamini, na mtu anayetaka sana haombi ushahidi mwingi.

Alhamisi walicheza mechi ya kwanza, wakashinda mawili kwa moja. Watu walijaa mpaka ghorofa ya juu, wafanyakazi wa maduka waliacha kaunta zao, na kundi la walinzi kutoka Uganda walikuwa wakiimba jina ambalo hawakulijua vizuri, "Shamusa! Shamusa!" Paki nyingi zilimgonga tu, hakuzidaka. Mwisho wa mechi wenzake walimrukia, nami nilipiga kelele nikisema wasimguse, wasimguse kichwa, lakini nani angenisikia.

Ijumaa mechi ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, ili watu wawahi sala. Stooni alijilaza kwenye benchi nami nikapiga magoti. Nilimfunga godoro la kulia. Nilipogeuka kuchukua la kushoto, nilikuta ameanza kulifungua lile nililokwisha kulifunga, taratibu, kwa umakini, mkanda baada ya mkanda. "Shamsa, unafanya nini?" Akanitazama kwa adabu. "Ulisema tunakwenda nyumbani, Rosie." Rosie alikuwa yaya wake kabla yangu, aliyeondoka miaka miwili kabla sijafika. Jicho lake moja lilikuwa na mboni kubwa kuliko ya jingine. Nje nilisikia wenzake wakigonga magongo ukutani kwa mdundo, wanamwita kipa wao.

Nilichukua helmeti yake nikatoka nayo. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba bila ile helmeti hawawezi kumwingiza uwanjani. Nilipita mbele ya wavulana wale waliojipanga mlangoni, nikatembea mpaka kwenye benchi la wachezaji na ndara zangu zikiteleza kwenye sakafu ya raba yenye maji, nikaibana helmeti kifuani kwa mikono miwili. Kocha Pekka alinyoosha mkono aipokee. Sikumpa. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha jikoni na cha sokoni. Nikasema, "Kichwa chake. Kiligonga nguzo. Anatapika. Hanijui mimi ni nani."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Ile nyingine."

Alinitazama. Nimetazamwa kwa hasira mara nyingi katika maisha ya kazi, na hasira ina namna ya kukuacha umesimama. Hii haikuwa hasira. "Na jana ulimvalisha," alisema. Akanipita, akaenda stooni, nikamsikia akimwuliza Shamsa maswali mafupi. Alipotoka alisimama ameukabili ukuta, mkono kwenye paji la uso. Mwamuzi alipuliza filimbi. Meneja alikuwa juu, ameegemea kizuizi, anatazama saa. Kocha angeweza kumwingiza. Dakika ile nilimwona akipima, na sitasema hakupima, kwa kuwa tumekubaliana tunaandika historia. Kisha akageuka akaita, "Elias! Njoo uvae vya kipa." Elias alikuwa mshambuliaji, mfupi kuliko wote. Alitokwa na machozi pale pale, lakini alikuja. Nilimpa helmeti, lakini sikubaki kumfunga. Mzee Salehe, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alikuwa amekwisha kumbeba Shamsa mikononi, viatu vya makali bado viko miguuni, tukashuka naye kwa lifti ya mizigo. Walifungwa mabao kumi na moja.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, wakakuta damu kidogo imevuja ndani ya fuvu. Daktari alimweleza mama yake kwa Kiarabu, nami nilielewa maneno machache tu, mojawapo likiwa "pigo jingine," ambalo hakulimalizia. Aligeuza tu kiganja chake juu chini. Mama Shamsa hakunipigia kelele. Aliniambia nirudi nyumbani nikamwangalie bibi, na kwamba nisiingie tena chumbani kwa mtoto wake. Nilipofika, nilianza kukunja nguo zangu kwenye sanduku. Bi Zuwena akaniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake wa sala, tasbihi imelala pajani bila kuguswa.

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili, Bibi."

"Mara nne. Mbili hukunisikia, ulikuwa unakimbilia jikoni." Nilingoja nifukuzwe. "Kaa kitako," akasema. "Mtoto anatapika alfajiri, chumba chake na changu ukuta mmoja. Nikiamka kutia udhu namsikia. Siku ya kwanza, siku ya pili. We uliniambia mitihani, mimi nikakubali mitihani. Unajua kwa nini?" Nikatikisa kichwa. "Nilisema moyoni, mwache. Aumwe kidogo. Ataumwa, atachoka, mchezo utakwisha wenyewe, na mimi sitakuwa nimemkataza. Nilikuwa nangoja, Wakesho. Mjukuu wangu anaumwa na mimi nangoja." Nikaushika mkono wake, na wala hakuuchomoa. "Rejesha nguo kabatini," akasema baadaye. "Wewe ukiondoka, nitaambiwa aliyekosa kaondoka." Aliyasema yote haya kwa mama Shamsa usiku wa kuamkia Jumapili, kwa Kiarabu, mlango umefungwa. Mimi nilisikia kilio tu, na sikujua cha nani.

Shamsa alilala gizani wiki sita, akarudi shule kidogo kidogo, na hakurudi golini tena. Leo anachora ramani katika ofisi inayoshughulika na barabara, ana mtoto, na bado hawezi kukaa chumba chenye taa za tyubu zaidi ya saa moja. Ofisini kwake wamemwekea taa ya meza. Timu haikufa, ingawa mwaka ule ilibaki na saa moja ya barafu kwa juma. Elias hakuvua tena magodoro yale. Kocha Pekka alikuja Muaither mara moja kumjulia hali mtoto, akaniamkia mlangoni kwa kuinamisha kichwa.

Shamsa mwenyewe hakunisemesha kwa miezi mitano. Tuliishi nyumba moja. Nilimwekea chakula, alikula nikiondoka. Nikikutana naye ukumbini alitazama ukuta. Niliona ni haki yake, na bado iliniuma kama nimekosewa mimi.

Asubuhi moja ya Ramadhani kuelekea mwisho, nyumba nzima imelala, alikuja jikoni nilipokuwa nachambua dengu za futari. Alisimama kwenye mlango wa friji, mikono nyuma.

"Ungenyamaza siku moja tu," alisema, "tungeingia fainali."

"Labda."

"Na ungesema siku ile ile ya kwanza?"

"Ungepumzika. Pengine mwakani ungecheza."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona kwamba fikra zake zinafika zinakokwenda. "Lakini mimi ndiye niliyekuomba," alisema. "Nilikuapia nitapona. Mimi ndiye niliyekudanganya wewe."

Niliacha dengu. Nilitaka sana kuipokea zawadi ile. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, tulikosa wote, tusameheane, akanikumbatia, yakaisha.

"Shamsa," nikamwambia, "wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu."

Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa sinia, akasogeza fungu la dengu mbele yake, akaanza kutoa mawe.